Mwaka wa Meno ya Chini

Binti ya Ekai alinipigia simu nikiwa nachagua mchele, akasema baba yake anataka kuniona na kwamba nisichelewe. Sikuuliza nisichelewe kwa nini. Ekai amenipita umri kidogo, figo zake zimechoka, na mtu akiambiwa asichelewe kwenda Ngare Mara anajua anaitiwa nini. Nilichojiuliza ni kingine: mimi na yule mtu tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja tu, katika chumba kimoja cha hospitali, na tangu hapo tumekuwa watu wa kusalimiana sokoni na kupeana pole za misiba. Mwaka wenyewe hatukuutaja. Watoto wangu wanajua kwamba meno yangu ya mbele, ya chini, ni ya bandia, manne yamekaa kwenye kibao cha plastiki, na wanajua kwamba nikiulizwa habari zake nafoka. Hawajui zaidi ya hapo. Nauandika mwaka huo sasa kwa sababu Ekai alinipa kitu siku ile, na siwezi kueleza alichonipa bila kuanzia mwanzo.

Ulikuwa mwaka niliomaliza kidato cha nne, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikaa Bulapesa, mtaa wa mji wa Isiolo, kwa shangazi yangu Qabale, nikingoja matokeo na nafasi ya chuo cha ualimu. Shangazi aliuza maziwa ya ngamia, na chumba chetu kilinukia moshi mchana kutwa kwa sababu alifukiza vibuyu vyake humo humo ndani, mlango ukiwa wazi, akikohoa na kulalamikia kuni za siku hizi. Asubuhi tulikula anjera, mkate mwembamba wa unga uliochachuka, kwa chai ya maziwa. Jioni, akiwa na furaha, alifungua kopo la nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kukaangwa ikalala katika mafuta. Ni kwenye anjera, si kwenye nyama, nilikoona damu mara ya kwanza. Nilimega kipande kwa meno, nikakitazama, nikakigeuza upande mwingine nikala. Baadaye meno yangu manne ya mbele, ya chini, yakaanza kucheza. Nikiyasukuma kwa ulimi yalisogea, na ufizi ulikuwa umeshuka hata yakaonekana marefu.  Niliona shangazi ameanza kunikatia nyirinyiri ndogo kuliko yake, na kila asubuhi aliniwekea mswaki mpya wa mti kando ya kikombe. Nilikuwa na umri wa kujitazama kwenye kioo, na watu fulani wa Korbesa walikuwa wameanza kuulizia habari zangu kwa ajili ya kijana wao. Nilitaka kubaki na meno yangu manne. Sikuwa na ombi kubwa kuliko hilo mwaka ule.

Ndipo akaja Daktari Kirimi. Alikuwa daktari wa meno kutoka Nairobi, kijana, mwenye mashati yaliyopigwa pasi vizuri na sauti ya chini, akisomea shahada ya juu zaidi. Hospitali ilimpa chumba cha mwisho, kile kilichokuwa stoo ya magodoro, chenye dirisha moja lililotazama mti wa mgunga na tangi la maji. Alihitaji mtu wa kumtafsiria Kiborana na wa kuandika majina, na muuguzi mmoja aliyekuwa mteja wa maziwa ya shangazi akanitaja mimi. Ekai alikuwa tayari humo. Kazi yake ilikuwa kuchemsha vyombo, kushika taa, na kushika vichwa vya watu walioogopa. Ni Mturkana, Mkristo, na kama wazee wengi wa kwao aling'olewa meno ya chini ya mbele akiwa mdogo, kwa desturi. Siku ya kwanza daktari alimtazama mdomoni kwa huruma kubwa. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba ugonjwa wa fizi katika mji huu ni mbaya kuliko alivyoambiwa, maana hata vijana wa kazi wameshapoteza meno, na kwamba asubuhi hiyo alikuwa amehesabu wengine kadhaa vile vile kwenye foleni. Ekai akaelewa bila mimi kutafsiri. "Daktari, hii si ugonjwa," akasema. "Hii ilitolewa na baba yangu. Hao wengine pia ni sisi." Tulicheka wote watatu, daktari zaidi yetu, akafuta alichokuwa ameandika. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu nilimpenda daktari kwa kicheko hicho. Mtu anayejicheka huonekana ni mtu salama.

Alikuwa mwalimu mzuri pia, lazima niseme, ingawa kusema kunanichoma. Kukiwa hakuna mgonjwa alinieleza anachotafuta. Jino lina mzizi, akasema, na mzizi ukiwa mzima hauonekani, umeshikwa na nyama pande zote. Ufizi ukiugua, nyama inaachia kidogo kidogo, panabaki mfuko kati ya nyama na jino, na mzizi unabaki uchi ndani ya mfuko huo. Hapo ndipo unabadilika. Mate na majimaji ya ufizi yanaufikia, na madini yaliyomo, kalsiamu, fosfeti, na ile floridi ya maji ya visima vyetu inayofanya meno ya watu wa huku kuwa na rangi ya chai, yanaingia kwenye ganda la mzizi mpaka sehemu iliyo uchi inakuwa ngumu kuliko ilivyozaliwa. Lakini si madini peke yake. Vijidudu vya ukoga vinatoa sumu, na sumu nayo inanywewa na ganda lile. Nyama ikijaribu kurudi kushika, inakuta mzizi si ule iliyouacha. "Sasa swali ni hili," akaniambia, akigonga meza kwa kalamu. "Sumu inaingia kina gani? Kama iko juu juu, unakwangua kidogo, nyama inashika, mtu anabaki na jino lake. Kama imezama, hakuna la kufanya." Nikamuuliza atajuaje. Akasema kwa kukata mizizi iwe myembamba kuliko karatasi na kuipeleka ng'ambo, kwenye mashine inayosoma kila tabaka lina nini. Niliiona kemia ya shule, ambayo tulikuwa tukiimba tu bila kuielewa, ikishuka kutoka ubaoni na kuingia mdomoni mwangu. Jioni nilimsimulia shangazi, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na yeye anarudisha nyama?"

Meno aliyohitaji ni yale ambayo yangeng'olewa hata hivyo. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu kwa Kiborana, na hivyo ndivyo nilivyoamini. Walikuja kutoka mbali, wazee wa Gotu, wanawake wa Rapsu wenye mikono ya shamba, na wengi walishukuru kuondolewa jino lililowanyima usingizi. Kabla ya kung'oa, daktari alifanya jambo moja ambalo sikuwahi kuliona kwa madaktari wengine. Baada ya sindano ya ganzi alichukua keekee ndogo kabisa na kuchora mfereji mwembamba kwenye jino, pale pale ufizi ulipoishia. Sauti yake ilikuwa nyembamba, tofauti na ile ya kutoboa, na ilikwisha haraka. Alama hiyo ilimwonyesha baadaye, jino likiwa mkononi, sehemu gani ilikuwa nje, sehemu gani ilikuwa ndani ya mfuko, na sehemu gani ilikuwa bado imeshikwa na nyama. Mimi ndiye niliyewaambia watu wasishtuke, ni alama tu. Baada ya alama ilifuata koleo, kila mara. Kisha Ekai aliliosha jino na kulitia kwenye chupa ya dawa yenye namba. Kulikuwa na wengine ambao daktari aliwakwangua mizizi kwa chuma kilichopinda ncha na kuwaambia warudi atazame. Hao hakuwachora. Kwa hiyo mtu yeyote aliyekaa katika chumba kile kwa mwezi mmoja alijua: anayekwanguliwa anabaki na jino, anayechorwa analiacha.

Tulikula mchana nyuma ya chumba, kwenye benchi la kivuli cha tangi. Siku moja daktari alikaa na mganga wa hospitali, wakila chapati na maharagwe, wakizungumza Kiingereza kama watu wanavyozungumza wakidhani anayewaandalia chai ni kiziwi. "Wazee ninao wa kutosha," daktari alikuwa akisema. "Mizizi ya wazee imesuguliwa miaka mingi, huwezi kujua kilichoondoka. Ninachokosa ni kijana. Kijana mwenye ugonjwa mkali na mzizi ambao haujaguswa na chuma." Mganga akamwambia vijana wenye ugonjwa huo ni wachache. "Wachache, lakini wapo," daktari akajibu. Nikamega chapati yangu. Ilikuwa ngumu kidogo, ya jana, na nilipoishusha ilikuwa na damu, na daktari alikuwa ananitazama.

"Talaso," akasema. "Fungua mdomo."

Nilifungua, hapo hapo kwenye benchi, mganga akitafuna. Daktari aliyagusa meno yangu kwa kidole, moja moja, na uso wake ukabadilika. Nimefundisha watoto miaka mingi tangu wakati huo na ninaujua uso huo, ni wa mtoto aliyepata alichokuwa anatafuta chini ya kitanda. Akauliza kama kuna mtu amewahi kunisafisha meno kwa chuma. Nikasema hapana. Akasema usiogope, nitakusafisha mwenyewe, njoo Jumanne kabla ya watu. Nilimwambia shangazi, na shangazi akanipikia uji wa mtama asubuhi ya Jumanne ili nisiende na njaa. Nilikwenda nikiwa na furaha. Nilikuwa mtu wa nyumba, nilikuwa nimemtafsiria maneno yote ya mji huu, na hakika mtu wa nyumba hukwanguliwa.

Ekai alishika taa. Sindano ilichoma, ufizi ukafa ganzi, nikafumba macho kungoja ule mkwaruzo. Nilichosikia ni ile sauti nyembamba. Ilikwisha upesi kwenye jino la kwanza, ikaanza kwenye la pili. Nilikuwa nimeitafsiri sauti hiyo kwa watu wengi mno, nisingeweza kukosa kuijua. Nilimshika daktari mkono, nikajaribu kusema, na kwa mdomo uliokufa ganzi maneno yalitoka kama ya mlevi. Nikasema, "Ulisema kusafisha." Akatoa mkono wangu polepole, kwa upole ule ule, akasema hii ni kumbukumbu tu, ametazama vizuri zaidi leo na meno haya hayana maisha marefu, nikiyaacha yataharibu ya jirani. Nikamwambia akwangue. Nikamwambia mizizi ikwanguliwe kama ya wale wengine, kisha tungoje. Akasema, "Talaso, wewe umesoma, wewe unaelewa. Mizizi yako imeshabadilika." Nikamtazama Ekai. Ekai alitazama taa. Keekee ikamaliza jino la tatu na la nne, na kilichofuata ni kile kilichofuata kwa watu wote. Hayakuhitaji nguvu nyingi, nakiri. Lakini hayakutoka yenyewe.

Shangazi alinitazama nilipoingia na leso mdomoni, akaweka chini kibuyu. Hakuuliza kama kunauma. Aliuliza, "Yako wapi?" Kwetu jino lililotoka mdomoni mwa mtu huzikwa, kama kucha na nywele zinavyofichwa, kwa sababu ni mtu na mtu hatupwi. Nikamwambia yako hospitalini, kwenye chupa. Akajifunga mtandio, akanishika mkono, tukarudi hospitalini. Daktari alikuwa anaosha mikono. Shangazi Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini siku hiyo hakutaka nimtafsirie.

"Salaam aleikum," akasema. "Mimi nataka meno ya mtoto yangu."

Daktari aliitikia vizuri, akamvutia kiti, akaeleza kwamba meno yako kwenye dawa, yana namba, yakitolewa sasa kazi yote inaharibika. Akaahidi yatarudishwa utafiti ukimalizika.

"Ukikata karatasi karatasi, utarudisha nini?" shangazi akauliza. Kumbe alikuwa amenisikiliza vizuri kuliko nilivyodhani.

"Mama, haya yatasaidia watu wengi."

"Watu wengi mimi hapana jua. Huyu ni mmoja, mimi najua yeye."

Daktari akatabasamu, akasema anaelewa desturi, anaiheshimu sana. Chupa zilikuwa kwenye rafu nyuma yake, zote zikitazama dirishani. Ekai alikuwa amesimama kando yake, kitambaa mkononi. Shangazi alikaa kwenye kile kiti mpaka foleni ya wagonjwa ikaanza kunung'unika, kisha akainuka, akaniambia, "Intala tiya, twende," binti yangu, twende, na sikuwahi kurudi katika chumba kile. Kabla ya mvua daktari alifunga virago na chupa zake akaenda. Hakuna kilichorudishwa, na sikuwa nimetegemea kirudi.

Yaliyobaki ya mwaka ule ni machungu ya kawaida, ambayo mtu asiye wa Isiolo angeweza kuyaona ni kichekesho. Msichana wa Kiborana, mwenye hijabu, aliyekosa meno manne ya chini, mahali pale pale ambapo jirani zetu huyang'oa. Sokoni akina mama wa Kiturkana walianza kunisalimu "Ejoka" na kunisemesha kwa lugha yao, kwa wema kabisa, na nilipojibu kwa Kiborana walicheka wakiona natania. Watoto wa mtaa wakanipa jina la Kiturkana. Miaka hiyo wafugaji wa pande hizi mbili walikuwa wakipigania visima na mifugo, na mdomo wangu ulikuwa umehamia upande mwingine bila mimi kuulizwa. Watu wa Korbesa walikuja, wakanywa chai, dada wa yule kijana akaniuliza swali ili nicheke. Nilicheka. Walimaliza chai yao na hatukuwaona tena. Shangazi alisema kijana mwenyewe alikuwa na miguu mibaya. Nilikwenda chuo nikizungumza na mkono mdomoni, nikafundisha na mkono mdomoni, na niliolewa baadaye na mtu mwema ambaye naye ilimchukua muda kujua sura yangu yote.

Miaka mingi baadaye nilikwenda Meru kutengenezewa kibao cha plastiki. Daktari wa huko, mwanamke wa makamo, aliuliza yale manne yalitokaje, nikamweleza, hata habari ya ganda la mzizi na kina cha sumu, maana nilikuwa bado nalikumbuka somo langu.  Akasema swali lile lilishajibiwa zamani, na si na mtu mmoja. Sumu iko juu juu. Ugumu wa madini upo, ni kweli, lakini sumu yenyewe haizami kama walivyoogopa, na kusafisha kwa uangalifu kunatosha kwa mizizi mingi. Nikamuuliza, kwa meno kama yangu? Akasema hakuyaona, hawezi kuapa, lakini katika umri ule angejaribu kwanza. Kwa hiyo jibu lilipatikana. Lilipatikana kwa kukata mizizi ya watu, yangu ikiwemo labda, na jibu lenyewe likawa kwamba haikuwa lazima kung'oa. Nilirudi nyumbani na kibao changu kipya na nikakaa wiki nzima sitaki kusemeshwa.

Basi nikaenda Ngare Mara. Ekai alikuwa ameketishwa nje kwenye kiti cha kamba, amekonda, blanketi magotini ingawa jua lilikuwa kali. "Habari ya siku mingi, mwalimu," akasema. Binti yake alituletea chai, na kwa kuwa kibao hunisumbua nikinywa kitu cha moto nilikitoa nikakiweka kwenye leso. Ekai akanitazama, akacheka bila sauti. Tulikuwa wazee wawili wenye pengo moja. La kwake alipewa na baba yake.

Kisha akatoa mfukoni kikopo cha filamu ya kamera, cheusi, cha zamani. "Siku ile shangazi yako alikuja," akasema, "mimi niliona aibu. Daktari alitoka kunywa chai, nikatoa moja kwa chupa yako. Nilitaka kuleta Bulapesa. Nikaogopa kazi. Halafu wewe ukaenda chuo, halafu kukawa na ile mambo ya vita. Imekaa tu. Sasa sitaki kwenda na kitu ya mtu."

Nilifungua. Ndani ya kipande cha bandeji kilichogeuka manjano kulikuwa na jino. Ule mfereji mwembamba ulikuwapo, na chini yake ule ukanda ambao daktari alinifundisha kuutambua, mgumu, wa rangi ya chai iliyokolea, na chini zaidi sehemu ya rangi ya mfupa ambayo nyama ilikuwa bado imeishika siku ya koleo. Nililigeuza. Lilikuwa pana, lenye mizizi miwili imara. Nililigeuza tena, kwa sababu nilitamani sana niwe nimekosea.

"Ekai," nikasema. "Hili ni gego. Mimi nilitolewa ya mbele."

Alinyoosha mkono nikampa. Alilishika karibu na macho kwa muda mrefu, akipapasa ile mizizi kwa kidole gumba. Chupa zilikuwa nyingi kwenye rafu ile na yeye alikuwa na haraka. Nilimwona akielewa, na sikumsaidia.

"Basi hii ni ya nani?" akauliza.

Tulijaribu. Nilimtaja mzee mmoja wa Gotu aliyekuja na fimbo mbili. Ekai akamtaja mwanamke wa Rapsu aliyecheka wakati wote kwa woga. Tukataja mwingine, na mwingine, na hatukuwa na hakika na yeyote, na wengi wao wameshakufa. Mmoja wao alizikwa pungufu, kama nitakavyozikwa mimi. Nikamwomba binti yake jembe dogo. Nilichimba kando ya ua, mahali ambapo mbuzi hawafiki, nikasema bismillahi, na Ekai akafanya ishara ya msalaba pale kitini, kwa kuwa hatukujua ni la mtu wa dini gani. Nikalifukia nikakanyaga udongo. Niliporudi kukaa chai yangu ilikuwa imepoa.

"Bado uko na hasira?" Ekai akaniuliza.

"Ndiyo," nikamwambia.

"Na mimi pia?"

"Na wewe pia."

Akatikisa kichwa kukubali, akamwita binti yake aniongezee chai ya moto. Nilikaa nikainywa, kibao changu kikiwa bado kwenye leso.